UZI: Mawaziri wa mambo ya nje wanapokutana bila ajenda wala tamko, kazi gani inafanyika pale?

#1 Mdadisi wa Kando (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Picha hizi mmezizoea. Mawaziri wa mambo ya nje hawana tai, wanatembea ufukweni au wamekaa bustanini, wanacheka. Maelezo ya picha ni mstari mmoja: wamebadilishana mawazo kuhusu masuala ya kikanda na kimataifa. Hakuna mkataba, hakuna azimio, hakuna kura. Hapa jukwaani tumezoea kusema hizo ni safari za kula posho.

Mimi nina msimamo tofauti, nauweka mezani mnipinge. Kwenye vikao vya namna hiyo ndiko waziri anakojua mwenzake anaweza kukubali nini, na ni kitu gani kitamwangusha akikikubali. Ukumbini, penye bendera na vipaza sauti, hawezi kulijua hilo kwa sababu pale kila mtu anasoma alichoandikiwa.

Chukueni Bang Saen, Agosti 1967. Indonesia na Malaysia zilikuwa zimetoka kwenye mapigano yaliyomalizwa kwa makubaliano mwaka mmoja tu kabla. Singapore ilikuwa imetengana na Malaysia mwaka 1965 na chuki bado ilikuwa mbichi. Ufilipino ilikuwa inadai Sabah, ambayo Malaysia inasema ni yake. Ukiwaweka hao kwenye meza rasmi, wa kwanza kufungua mdomo anataja mpaka, wa pili anajibu, kikao kimekwisha.

Thanat Khoman, waziri wa mambo ya nje wa Thailand, akawapeleka wenzake kwenye mji wa ufukweni usiofika kilomita 100 kutoka Bangkok: Adam Malik wa Indonesia, Narciso Ramos wa Ufilipino, S. Rajaratnam wa Singapore, na Tun Abdul Razak, Naibu Waziri Mkuu wa Malaysia. Siku nne. Gofu, kutaniana kuhusu nani hajui kupiga mpira, mazungumzo yakiendelea humo humo. Wenyewe baadaye walikuwa wanaiita kwa majigambo diplomasia ya mashati ya michezo. Tarehe 8 Agosti wakarudi Bangkok wakasaini hati yenye vipengele vitano tu, ASEAN, jumuiya ya nchi za Kusini Mashariki mwa Asia, ikazaliwa. Suala la Sabah halikutatuliwa, na mpaka leo lipo. Walichokubaliana kule ufukweni ni kwamba lisiwazuie kufanya mengine.

Haya, karibuni.

#2 Chuma Chakavu

Nimekaa siti ya mbele. Wajuzi waje.

#3 Nyuki Mkali

Mleta mada umetusimulia harusi iliyofana, ndoa zilizovunjika umezificha. Ngoja nikuletee moja.

Tarehe 17 Septemba 1926. Ujerumani imeingizwa kwenye Shirikisho la Mataifa, lile lililotangulia Umoja wa Mataifa, mwezi huo huo, mawaziri wamejaa Geneva. Aristide Briand wa Ufaransa na Gustav Stresemann wa Ujerumani wanawatoroka waandishi wa habari, wanavuka mpaka kwenda Thoiry, kijiji kidogo upande wa Ufaransa, wanakaa hotelini kula chakula cha mchana kwa saa kadhaa. Aliyekuwa nao ni mtu mmoja, Profesa Oswald Hesnard, akitafsiri na kuandika. Hapo mezani wakayamaliza yote: jeshi la Ufaransa liondoke Rhineland, eneo la magharibi mwa Ujerumani, kabla ya muda uliopangwa, jimbo la Saar lirudi Ujerumani, na Ujerumani itafute fedha kwa kuuza hati za dhamana za reli zake ili kuinusuru faranga iliyokuwa inaporomoka. Wakarudi Geneva wakitabasamu.

Kikafuata nini? Kumbukumbu za upande mmoja hazikufanana na za upande wa pili kuhusu nani alipendekeza nini. Waziri Mkuu Poincaré akaiweka sawa faranga bila fedha za Ujerumani, kwa hiyo hamu ya kubadilishana ikaisha. Zile hati zenyewe zilihitaji wanunuzi Marekani, na huko hawakuwa tayari. Kabla mwaka haujaisha, mpango umekufa. Wanajeshi wa mwisho walitoka Rhineland Juni 1930, Stresemann akiwa ameshafariki.

Sasa niambie, Briand alitumwa na nani kwenda kuahidi vile? Bunge? Baraza la mawaziri? Tatizo langu na vikao hivi ni hilo. Watu wawili wanakunywa divai, mamilioni wanasubiri kuambiwa walichoahidiana.

#4 Mdadisi wa Kando

Nyuki, mfano mzuri, lakini mwaka mmoja nyuma yake watu hao hao wawili walifanikiwa, na inafaa kuuliza kwa nini.

Oktoba 1925, Locarno, Uswisi. Pamoja nao alikuwepo Austen Chamberlain wa Uingereza. Mkataba wa mipaka ya magharibi ya Ujerumani ulikuwa umeandaliwa na wanasheria wa pande zote kwa muda mrefu kabla, maneno mengi yamekubaliwa. Fundo lililobaki lilikuwa Ibara ya 16 ya mkataba wa Shirikisho la Mataifa, ile inayowalazimu wanachama kushirikiana dhidi ya nchi iliyofanya uchokozi. Ujerumani ilikuwa imenyang'anywa silaha, ikaona itaburuzwa kwenye vita isiyoiweza, hasa dhidi ya Urusi ya Kisovieti. Ukumbini jambo hilo halikuwa linasogea.

Tarehe 10 ikakodiwa boti, Fiore d'Arancio, wakazunguka Ziwa Maggiore mchana mzima. Humo botini ndimo yalimopatikana maneno ya kumwondoa Stresemann kwenye kona: kila mwanachama atashiriki kwa kiasi kinachoendana na hali yake ya kijeshi na mahali ilipo nchi yake. Tarehe 16 hati zikawekwa saini za awali, na tarehe 1 Desemba zikasainiwa rasmi London.

Tofauti ninayoiona mimi: Locarno waliingia botini wakijua fundo ni lipi na serikali zao zinajua wamekwenda kulifungua. Thoiry walikwenda kutengeneza dunia mpya kwa chakula cha mchana. Kikao kisicho rasmi kinaweza kazi ile ya kwanza. Ya pili hakiiwezi, kwa sababu waziri akitoka pale bado anarudi kwa waziri mkuu wake.

#5 Mzee wa Itifaki

Vijana, mnasoma vizuri. Ngoja niwape inavyokuwa kwa macho. Nimekalia kiti cha mkalimani miaka mingi, nchi sitaitaja.

Septemba, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, New York. Kwenye runinga mnaona hotuba. Waziri anahutubia mara moja tu, siku zake nyingine anazimaliza kwenye vibanda vya mazungumzo. Ni vibanda kweli: kuta za muda, viti vichache, meza ndogo, na foleni ya ujumbe mwingine unasubiri nje. Mnapewa kama dakika ishirini. Ondoa salamu na picha, ondoa ukalimani unaokula karibu nusu ya muda, kila waziri anabaki na dakika za kuhesabu. Anazitumia kusoma kadi aliyoandaliwa na wizara: tunashukuru kwa ushirikiano, tunaomba kura yenu kwa mgombea wetu, tumesikitishwa na lile tamko lenu. Mwenzake naye anasoma yake. Hapo hakijatokea kitu. Wasaidizi wameandika kurasa mbili ambazo zingeweza kuandikwa wiki moja kabla.

Kitu kinatokea wakati wa kutoka. Waziri anamshika mwenzake kiwiko, anamwambia msaidizi wake akaangalie kama gari limefika. Msaidizi aliyeizoea kazi anajua gari lipo, anachoambiwa ni kwamba apotee na daftari lake. Wanabaki wawili na mimi. Hapo ndipo utasikia: "Bosi wangu hataki, lakini uchaguzi wetu ukipita nipigie." Au: "Balozi wako anatuambia maneno makali kuliko yako. Mwenye msimamo ni yeye au ni wewe?" Maneno kama hayo huwezi kuyaandika kwenye waraka wa ubalozi, maana waraka unasomwa na watu wengi na unakaa kabatini miaka hamsini. Nikishatafsiri, karatasi zangu nazichana.

Korido nayo ina heshima yake. Machi 2, 2023, mawaziri wa G20 walikutana New Delhi, wakashindwa hata kutoa tamko la pamoja kwa sababu ya vita vya Ukraine. Lakini pembezoni mwa mkutano ule ule, Antony Blinken wa Marekani na Sergey Lavrov wa Urusi walizungumza kama dakika kumi, ana kwa ana kwa mara ya kwanza tangu vita vile vianze Februari 2022. Hawakupatana kwa lolote. Blinken alisema alimweleza mwenzake mambo matatu: vita viishe, Urusi irudi kwenye mkataba wa silaha za nyuklia wa New START, na Mmarekani aliyefungwa kule aachiwe. Mtasema dakika kumi ni upuuzi. Mimi nasema kwa nchi mbili zenye silaha zile, kujua mlango bado unafunguka si jambo dogo.

#6 Kobe Msafiri

Mzee, shikamoo. Hapo kwenye kumtuma msaidizi akaangalie gari nimecheka peke yangu kwenye basi.

#7 Binti Sheria

Wote mnazungumza kana kwamba yasemwayo pembeni hayana uzito kisheria. Hapo mnapotea njia kidogo.

Waziri wa mambo ya nje si waziri kama wengine. Ibara ya 7 ya Mkataba wa Vienna kuhusu Sheria ya Mikataba wa 1969 inamweka kundi moja na mkuu wa nchi na mkuu wa serikali: hao watatu wanahesabiwa kuiwakilisha nchi yao kwa cheo tu, bila kuonyesha hati ya mamlaka. Na hata kabla ya mkataba huo mahakama zilikuwa zimeshalisema.

Mwaka 1919 Denmark ilitaka nchi nyingine zitambue kwamba Greenland yote ni yake. Balozi wake akamwendea Nils Claus Ihlen, waziri wa mambo ya nje wa Norway, akamweleza, na akadokeza kwamba Denmark nayo haitaisumbua Norway kuhusu visiwa vya Spitsbergen. Tarehe 22 Julai Ihlen akamjibu kwa mdomo kwamba serikali ya Norway haitaleta matatizo katika suala hilo. Mazungumzo ya watu wawili ofisini, basi. Hakuna mkataba, hakuna bunge.

Mwaka 1931 Norway ikatangaza kulichukua eneo la Greenland Mashariki. Denmark ikaenda Mahakama ya Kudumu ya Haki ya Kimataifa. Hukumu ya Aprili 5, 1933: jibu lile la Ihlen linaibana Norway. Sentensi moja ya mdomo, miaka kumi na minne baadaye, inatumika mahakamani kuzuia nchi isidai ardhi.

Ya pili ni ya karibuni zaidi, na ni ya pembezoni mwa mkutano hasa. Desemba 1990, viongozi wa Baraza la Ushirikiano la Ghuba wako Doha. Bahrain na Qatar zina mgogoro wa muda mrefu wa visiwa na mpaka wa bahari, Saudi Arabia inapatanisha. Tarehe 25 mawaziri wa mambo ya nje wa nchi hizo tatu wakasaini kumbukumbu za mazungumzo yao. Kumbukumbu tu, zile ambazo kila katibu huandika. Qatar ikaja kuzitumia kufungua kesi Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Waziri wa Bahrain akasema hakuwahi kufikiri kwamba kwa saini ile anaifunga nchi yake kisheria. Mahakama, Julai 1, 1994, ikamjibu kwamba alichofikiri moyoni hakibadilishi kitu. Karatasi inaorodhesha waliyokubaliana, mawaziri wamesaini, basi ni makubaliano ya kimataifa.

Kwa hiyo mzee akisema anachana karatasi zake, namwelewa sana.

#8 Kobe Msafiri

Dada, ina maana waziri akisema "hakuna neno" kwenye kahawa, nchi imeshauzwa?

#9 Binti Sheria

Hapana, Kobe. Kesi ya Ihlen ilikuwa na mambo yake: aliulizwa na mwakilishi wa nchi nyingine, kwa niaba ya serikali, kuhusu jambo lililo ndani ya kazi yake, akajibu kwa niaba ya serikali yake. Mwaka 1974, kwenye kesi za majaribio ya nyuklia ya Ufaransa, mahakama iliweka wazi kwamba kinachotazamwa ni kama msemaji alikusudia kujifunga, na kusudio hilo linasomwa kwenye maneno na mazingira yake. Kahawa peke yake haimwokoi waziri wala haimzamishi. Ndiyo maana utawasikia wanaanza na "nafikiri kwa sauti tu" au "hili bado sijalifikisha kwa rais". Wengine mnaona ni adabu. Ile ni kinga.

#10 Jicho la Tatu

Umoja wa Ulaya wamelitengenezea jambo hili utaratibu kabisa. Wana kikao kinaitwa Gymnich, jina la kasri moja huko Ujerumani, maana cha kwanza kilifanyika hapo Aprili 1974, Ujerumani Magharibi ikiwa mwenyekiti na Walter Scheel akiwa waziri wake wa mambo ya nje. Jumuiya ya Ulaya ya wakati huo ilikuwa na nchi tisa. Shida yao ilikuwa Marekani: Kissinger, waziri wake wa mambo ya nje, alikuwa analalamika kwamba Wazungu wa Ulaya wanakubaliana kwanza, halafu yeye anaambiwa mwisho. Ufaransa haikutaka Washington ipewe kiti mezani, Uingereza na Ujerumani hazikutaka kumuudhi Mmarekani.

Jibu lililotoka lilikuwa la mdomo, makubaliano ya kiungwana: likitokea jambo, na wote tisa wakikubali, nchi iliyo mwenyekiti itakwenda kushauriana na Marekani kwa niaba ya wenzake. Halikuandikwa kama uamuzi, na nadhani ndiyo sababu Ufaransa iliweza kulikubali. Likiandikwa linakuwa haki ya Marekani. Lisipoandikwa linabaki hisani.

Tangu hapo, kila nusu mwaka nchi iliyo na zamu ya urais inaandaa Gymnich yake. Hakipitishi uamuzi wowote. Mkataba wa Lisbon ulipoanza kazi Desemba 2009, uenyekiti ukaenda kwa Mwakilishi Mkuu wa Umoja wa Ulaya, nchi mwenyeji ikabaki na heshima ya kukaribisha.

Na msidharau heshima hiyo. Julai 2024 Viktor Orbán wa Hungary, nchi yake ikiwa imepokea zamu siku chache tu, alikwenda Moscow kuonana na Putin. Josep Borrell, aliyekuwa Mwakilishi Mkuu, akajibu kwa kuiondoa Gymnich ya Agosti Budapest, akaipeleka Brussels. Kikao kisicho na mamlaka ya kuamua chochote, kuhamishwa kwake kukawa adhabu iliyoandikwa na magazeti ya Ulaya nzima. Kama vingekuwa vikao vya posho tu, nani angejali vinafanyika mji gani?

#11 Nyuki Mkali

Jicho la Tatu, asante, ila umenisaidia mimi. Hisani isiyoandikwa ni nzuri kwa mwenye nguvu. Mdogo anahitaji karatasi.

Na nikuongezee. Februari 1990, Ottawa. Nchi 23 za NATO na Mkataba wa Warsaw (kambi ya Kisovieti) zimetuma mawaziri kujadili Anga Wazi, yaani kuruhusiana ndege za uchunguzi. Hilo ndilo lililoandikwa kwenye ajenda. Koridoni wakubwa wanazungumzia kitu kingine kabisa: kuiunganisha Ujerumani. James Baker wa Marekani anatoka kwa Shevardnadze wa Urusi ya Kisovieti anakwenda kwa Genscher wa Ujerumani Magharibi, anarudi kwa Shevardnadze, simu zinapigwa Moscow na Bonn. Tarehe 13 wakatangaza Mbili Jumlisha Nne: Ujerumani mbili pamoja na Marekani, Urusi ya Kisovieti, Uingereza na Ufaransa. Mawaziri wengine wa NATO, waliokuwa jengo hilo hilo, wakaletewa jambo likiwa limeshaiva.

Gianni De Michelis wa Italia akalalamika kwamba na wao ni washirika, usalama wa Ulaya unawahusu. Genscher akamjibu mbele ya wenzake kwamba hawamo kwenye mchezo huu. Italia hiyo, mwanachama mwanzilishi wa NATO na wa Jumuiya ya Ulaya! Kama Italia inaambiwa hivyo, nchi ndogo itaambiwaje? Ukumbini angalau kila mtu ana kiti na kipaza sauti. Koridoni unaingia kwa ukubwa wako.

#12 Mdadisi wa Kando

Hoja nzito, siipingi kwamba koridoni wadogo wanaachwa. Lakini tazama mbadala wake, Nyuki. Nchi 23 zingeanza kujadili Ujerumani kwa utaratibu wa ukumbini, kila moja na madai yake ya vita na mipaka, mkataba usingesainiwa Moscow Septemba 12 mwaka ule ule. Hiyo ni miezi saba tu.

Na kwa nini Shevardnadze alimsikiliza Baker koridoni? Kwa sababu walikuwa wameshakaa. Septemba 1989 Baker alimwalika Wyoming, Jackson Hole, nyumbani kwa milima na mito ya samaki. Badala ya kila mtu kwenda na ndege yake, walisafiri pamoja kwenye ndege ya Baker kutoka Washington, saa kadhaa, wakazungumzia uchumi wa Kisovieti ulivyokuwa unaporomoka na mataifa yaliyokuwa yanataka kujitenga. Waziri wa Kisovieti anamweleza Mmarekani matatizo ya ndani ya nchi yake! Kule mtoni walivua samaki, Baker akampa viatu vya wachunga ng'ombe. Kwenye ziara hiyo Shevardnadze alileta habari kwamba Moscow haitazuia tena mkataba wa kupunguza silaha za masafa marefu kwa sababu ya mpango wa Marekani wa ulinzi wa angani, na kwamba rada ya kijeshi ya Krasnoyarsk, Siberia, itabomolewa. Najua uamuzi huo ulitoka kwa Gorbachev, haukutoka mtoni. Ila baada ya safari ile Baker alijua kwamba mtu huyu anapokubali jambo anakuwa ameweka shingo yake.

Agosti mwaka uliofuata Iraq iliivamia Kuwait. Baker na Shevardnadze walikuwa ndiyo kwanza wametoka kukutana Irkutsk. Siku moja baada ya uvamizi, tarehe 3, wakasimama pamoja uwanja wa ndege wa Vnukovo, Moscow, wakasoma tamko la pamoja la kuilaani Iraq, ambayo ilikuwa mteja wa Moscow wa miaka mingi. Jeshi na watu wengi wa wizara ya Shevardnadze mwenyewe hawakulitaka tamko lile. Sioni lingepatikanaje kwa kuandikiana barua.

#13 Upepo wa Kusi

Nimekuwa nasoma kimya. Mnasahau gharama ya waziri nyumbani kwake.

Januari 2015, Geneva. John Kerry wa Marekani na Mohammad Javad Zarif wa Iran wako kwenye mazungumzo ya nyuklia. Wakaamua kunyoosha miguu mitaani kama robo saa, kamera zikawanasa. Tehran ikawaka moto: wabunge wenye msimamo mkali wakamshambulia Zarif kwa kutembea bega kwa bega na waziri wa Marekani kama marafiki. Hakusaini kitu, hakuahidi kitu. Alitembea. Kwa Kerry lilikuwa jambo la kawaida, kwa mwenzake ilikuwa kesi.

Faida yake ikaonekana Januari 2016. Wanajeshi 10 wa majini wa Marekani walikamatwa na Iran baada ya boti zao kuingia maji ya Iran karibu na Kisiwa cha Farsi. Nchi hizi hazina mabalozi tangu 1980. Kerry akampigia Zarif moja kwa moja, wakapigiana mara kadhaa, na kesho yake wanajeshi wakaachiwa. Namba ya simu ya mtu unayemjua, basi.

Ila muangalie pia kwamba urafiki ule uliondoka na watu wake. Kerry alipotoka ofisini Januari 2017 namba ile ikawa ya mtu binafsi, na Mei 2018 Marekani ikajitoa kwenye makubaliano ya nyuklia ya 2015. Nyuki akisema mdogo anahitaji karatasi namwelewa, lakini hapa karatasi ilikuwepo na bado haikutosha.

#14 Kobe Msafiri

Na Umoja wa Afrika je? Au kule kila kitu ni ukumbini?

#15 Mzee wa Itifaki

Marahaba Kobe, sikukujibu salamu.

Mawaziri wa mambo ya nje ndio Baraza la Utendaji la Umoja wa Afrika, wanakaa kabla ya wakuu wa nchi. Kikao hicho ni rasmi mno: ajenda ndefu, ripoti za kamati, bajeti, uchaguzi wa makamishna. Muda wa kufikiri haupo. Kwa hiyo ukaanzishwa utaratibu wa kukaa pembeni. Januari 2014 walikwenda Bahir Dar, Ethiopia, kwenye Ziwa Tana, kuzungumzia Ajenda ya 2063. Nkosazana Dlamini-Zuma, aliyekuwa mwenyekiti wa Kamisheni na yeye mwenyewe amewahi kuwa waziri wa mambo ya nje wa Afrika Kusini miaka kumi, badala ya ripoti aliwasomea barua ya kubuni iliyoandikwa na mtu wa mwaka 2063, akieleza bara lilivyofika hapo. Kwenye Baraza la Utendaji barua kama hiyo usingeisoma, mtu angeinua kibao cha nchi yake kuuliza iko kwenye kipengele gani cha ajenda.

Sisemi barua ilijenga reli. Nasema kuna mambo ambayo utaratibu wa ukumbi hauna pa kuyaweka.

#16 Nyuki Mkali

Mzee nakuheshimu, lakini bado sijajibiwa swali langu la #3. Nani anawasimamia? Karatasi zimechanwa, msaidizi ametumwa kwenye gari. Miaka thelathini baadaye mwanahistoria atajuaje? Na kabla ya mwanahistoria, waziri mwenyewe akifukuzwa kesho, anayekuja atajua vipi kilichosemwa?

#17 Mzee wa Itifaki

Waziri mwenye akili, akiingia tu garini anamsimulia msaidizi yule yule aliyemfukuza, na msaidizi anaandika papo hapo, kabla ya chakula, kabla ya simu. Inaandikwa nakala chache, zinakwenda kwa katibu mkuu, kwa balozi aliye nchi ile, basi. Waziri asiye na tabia hiyo anakuwa hatari, na nimewaona. Anakumbuka alichosema yeye tu. Alichojibiwa amekisahau, au amekipamba.

Kwa hiyo Nyuki, kumbukumbu huwa zipo, ila zinakuwa mbili, za kila upande, na hazionani. Thoiry iliharibika hapo. Usimamizi wa bunge ni kumwita waziri kamati ikiwa faragha na kumuuliza. Bunge lisilouliza halitaanza kuuliza kwa sababu kikao kilikuwa rasmi.

#18 Kobe Msafiri

Swali la mwisho kwa Binti Sheria. Siku hizi mawaziri wanachati kwenye simu. Meseji ya usiku kati ya mawaziri wawili nayo inahesabika kama ile ya Ihlen?

#19 Binti Sheria

Kwa msingi wa kesi zile, sioni kwa nini isihesabike. Ihlen alijibu kwa mdomo na alibanwa. Meseji ina jina, saa na maneno yenyewe. Kumbukumbu za Doha zilikuwa karatasi ya kawaida na zilihesabika mkataba kwa sababu ya yaliyomo ndani yake. Mahakama itauliza yale yale: nani kaandika, kwa niaba ya nani, kuhusu jambo gani, na alikusudia kujifunga au alikuwa anapima maji.

Ugumu uko kwa waziri. Kikaoni mwenzake anaona uso wake, anajua hapa anatania, hapa anajaribu wazo. Kwenye simu hilo halipo, na mwenzake anaweza kupiga picha ya skrini akamtumia rais wake dakika hiyo hiyo.

#20 Nyuki Mkali

Kwa hiyo angalau meseji ina ushahidi. Mimi nachagua meseji.

#21 Mzee wa Itifaki

Ndiyo hivyo, lakini mawaziri wenyewe hawataichagua, Nyuki. Vikao vya faragha vya sasa, simu zinaachwa nje ya mlango.